Pembe Mbili za Nanyokie

Ujumbe ulinifikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya kanisa letu hapa Kitengela, viatu nimevua kwa sababu miguu ilikuwa imefura. Mama Kevo, ambaye hakuna habari inampita, aliniinamia akasema, "Mama Ben, kuna mama mmoja huko Kajiado anaulizia kama Rispa wa kalamu bado yuko hai. Si ni wewe?" Nikamwambia ni mimi, na niko hai, ila wakinichelewesha hapo juani hilo swali litahitaji jibu lingine. Nikamuuliza huyo mama anaitwa nani. "Nasieku," akasema. "Alisema ukisikia tu hilo jina utajua." Nilijua. Nilivaa viatu nikaenda nyumbani bila kungoja chai ya akina mama, na mimi chai ya kanisa siachangi.

Mwezi huo huo nilikuwa nimeuza mashini yangu ya kukereza kalamu. Vijana wa skrapu walikuja na mkokoteni, wakailaza kifudifudi kama mlevi, wakaifunga kamba. Edna, mjukuu wangu, alisimama nyuma yangu akisema, "Shosh, usilie bana." Sikuwa nalia. Nilikuwa naangalia kama wanaibeba kwa heshima. Huyu Edna ananiita shosh kama watoto wa hapa mjini, na kwetu ni kukhu, lakini nimeacha kumrekebisha. Ana digrii, anafanya kazi ya ofisi, na amevaa, amekula na amesoma kwa vumbi la ile mashini, yeye na mama yake kabla yake. Nasema hivyo wazi kwa sababu naweza. Mimi mwenyewe shule niliacha darasa la nne. Nimetengeneza kalamu maisha yangu yote, na jina langu naliandika polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Watu wengi hawajui kwamba kalamu inaweza kukerezwa. Wanadhani zote huzaliwa kiwandani. Unachukua kipande cha mti au cha pembe, kirefu kama kidole cha kati, unakitoboa katikati, unatia kibomba cha shaba na gundi. Unakivalisha kwenye chuma cha mashini, kinazunguka mbele yako kama kichaa, na wewe unakigusa na patasi hadi kona nne ziishe na kibaki duara. Halafu msasa, mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, unaushika na vidole huku kitu kinazunguka na joto linapanda. Mwisho ni nta na kitambaa, halafu unaingiza mrija wa wino. Hiyo ndiyo kazi. Inakula macho, inakula bega la kulia, na inakula vidole. Mwaka jana nilipoenda Kajiado kubadilisha kitambulisho, msichana wa ofisi aliniwekea kidole kwenye kile kioo chao, akapangusa, akaniwekea tena, akanibonyeza kama anayekamua jipu. Kioo kilikataa. "Mama, hizi fingerprints zako zimeenda wapi?" Nikamwambia ziko kwenye mifuko ya wazungu, huko kwao. Alicheka. Mimi nilikuwa nimechoka, sikucheka.

Basi turudi huko Kajiado, mwaka ambao mvua ilikataa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa dada yangu na mumewe, nikilea mtoto wao. Mwanzo wa mwaka nilipata kazi ya kusugua msasa kwa Fundi Okumu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya hoteli moja, karibu na reli, na kila kitu mle ndani kilikuwa na rangi moja ya vumbi, pamoja na Fundi mwenyewe. Dirisha lilikuwa moja, na mashini ilikaa chini yake kama mzee wa kanisa kwenye kiti chake. Kwenye ukuta mmoja magogo ya oloirien yalikuwa yamepangwa yakauke, ule mzeituni wa porini ambao Wamaasai hutumia kufukiza vibuyu vya maziwa. Kwenye ukuta wa pili pembe za ng'ombe zilining'inia kwa waya. Mwaka huo pembe hazikuwa za kutafutwa. Ng'ombe walikufa hadi kando ya barabara ya Namanga, na ungezichukua jinsi unavyookota kuni. Kalamu zetu zilienda kwa mama mmoja aliyekuwa na duka la vinyago kwenye hiyo barabara, na watalii wa kwenda kuona ndovu walisimama hapo kununua soda, wakaondoka na kalamu.

Fundi Okumu alikuwa Mjaluo mrefu, amestaafu kutoka karakana ya reli, na maneno yake yalikuwa machache kama meno yake. Sisi wasichana wawili alituita nyako, msichana kwa Kijaluo, wote wawili, kwa hivyo akiita tulikuwa tunainua vichwa pamoja. Mimi na Nasieku. Nasieku alitembea kila asubuhi kutoka bomani kwao, miguu imejaa vumbi jeupe hadi magotini, shanga shingoni, na akifika alinisalimia kwa Kimaasai hadi nikajua kujibu. "Takwenya!" "Iko!" Kisha anakaa kwenye gunia lake, mimi kwenye langu, na tunasugua hadi saa ya chakula. Tulikula pamoja kwenye sufuria moja, ugali wa yale mahindi ya njano ya msaada, ambao ulikuwa na harufu ya stoo, na omena wa Fundi. Nasieku hakuwa ameona samaki mwenye macho akiwa kwenye chakula. Siku za kwanza alimgeuza kila mmoja asimwangalie. "Huyu ananiuliza kitu," alisema. Fundi akamjibu, "Mle, nyako, kabla hujajua ni kitu gani."

Jioni Nasieku alikuwa anafagia takataka ya oloirien chini ya mashini, zile nywele nyembamba za mti, anazifunga kwenye kona ya shuka. Nilidhani ni za kuwashia moto. Akaniambia ni za mama yake, za kufukizia kibuyu. Nikamuuliza maziwa yako wapi na ng'ombe wamebaki mifupa. "Hakuna," akasema. "Lakini yeyo anafukiza tu. Anasema kibuyu kisisahau." Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Nilifikiri huyo mama ameguswa kichwa na njaa. Sasa mimi ni mzee, na kila asubuhi tangu wale vijana wa skrapu waondoke, naamka nafagia banda lisilo na vumbi.

Fundi alikuwa na tabia moja ambayo ilituchekesha. Akimaliza kalamu hakuiangalia. Aliiweka kwenye mdomo wa chini, akaivuta polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, macho yamefumba, kama mtu anayejaribu filimbi. Ikikwaruza, alirudisha kwa msasa. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitumie vidole. Akaninyoshea mikono yake. "Hivi vimekufa kitambo. Miaka yote kwa chuma. Mdomo bado uko." Nasieku akaninong'oneza, "Ndiyo maana bibi yake alibaki Kisumu," na tukacheka hadi Fundi akatutupia kitambaa cha nta.

Kicheko kiliisha siku niliposikia kupitia mabati. Nilikuwa nje nikichota maji, na ndani yule mama wa vinyago alikuwa anamlaumu Fundi kwamba kalamu za mwisho zilikuwa zimepinda. Nilisikia Fundi akiweka patasi chini. Kisha akasema macho yamepata wingu, na mkono umeanza kutetemeka. Mwisho wa mwaka anaenda nyumbani. "Nitaacha mashini kwa mmoja wa hawa wasichana." Yule mama akasema, "Wasichana? Si mashini itawameza na hizo nguo zao?" Fundi akasema, "Mmoja. Wawili hawawezi kula kwa mashini moja." Nilisimama pale hadi ndoo ikafurika. Kwa dada yangu, shemeji alikuwa ameshasema mtoto amekua, mimi nirudishwe nyumbani, na nyumbani nilikuwa najua ni nini kinaningoja na ni mzee wa miaka mingapi. Nilitaka ile mashini jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Sikumwambia Nasieku nilichosikia. Naye, nikaja kujua baadaye, alikuwa amekisikia kutoka upande wa mlango, na hakuniambia.

Kutoka siku hiyo tuliamkiana vizuri na kutazamana vibaya. Fundi alitupa zamu za kusimama kwenye mashini. Alisema leso na sketi hapo hazikubaliki, aliona mtu wa reli akivutwa na mkono wa shati lake na hakutaka kuona tena. Mimi nikachukua suruali kuukuu ya shemeji, nikaikaza kwa kamba ya katani, na dada yangu akaniambia kanisani nisikae karibu naye. Nasieku alivua shanga zake zote, akazipanga kwenye dirisha moja moja, na shuka akaifunga mgongoni kwa fundo. Alisimama pale shingo tupu, akaonekana mdogo ghafla. Lakini mkono wake, lazima niseme, ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mimi nilikuwa na nguvu. Patasi yangu iliuma mti. Ya kwake iliuliza kwanza.

Mwezi wa kumi, mama yake Nasieku alikuja naye, amebeba pembe mbili ndani ya shuka kama mtu aliyebeba mtoto. Ng'ombe wao wa mwisho alikuwa amekufa. Alikuwa mwekundu na jina lake lilikuwa Nanyokie. Yule mama aliketi sakafuni kando ya mlango, akakataa benchi, akakataa chai, akaongea kwa sauti ya chini. Nasieku akatutafsiria, "Yeyo anasema hii msiuzie mtu. Mtoe kitu ambacho hakiishi." Fundi akazishika zile pembe, akazipeleka mdomoni moja moja. Halafu akasema lile neno tulilokuwa tunaliogopa. "Kila mtu pembe moja. Mnipe kila mtu kalamu moja. Itakayokuwa safi, mwenyewe anabaki na mashini." Akamwambia yule mama, "Moja yako, moja ya kazi, iuzwe." Yule mama aliposikia tafsiri alikubali kwa kichwa.

Pembe ya ng'ombe ni tupu ndani, imejaa tu kwenye ncha. Kwa hivyo ukitaka upande wa shina, unaichemsha hadi ilainike, unakata vipande viwili kwenye ukuta wake, unavibana kwenye vaisi vinyooke, na vikipoa unavigundisha tumbo kwa tumbo na kibomba katikati. Tulichemsha kwenye sufuria moja, mimi na yeye, ile ile ya omena, bila kuongea. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Nilipovalisha kipande changu kwenye mashini, kilikuwa na mikunjo kwa nje, migongo midogo kama pete zilizopandana, michafu, imekwaruzika. Niliwasha. Nikakigusa na patasi na ile mikunjo ikaanza kuruka kama kucha zilizokatwa, na chini yake, Mungu wangu, ikatokea rangi ambayo sijaiona tena: asali, halafu moshi, halafu mstari mweupe kama maziwa yanayomwagika. Nikasikia mama yake Nasieku, aliyekuwa amerudi kutazama, ameinuka. Alitoka nje akasimama kwenye jua na mgongo wake kwetu. Nilidhani ni harufu. Niliendelea.

Kalamu yangu iling'aa kama macho ya mtoto. Fundi aliipitisha mdomoni mara mbili, na mara ya pili alitabasamu. Halafu Nasieku akampa yake. Alikuwa amekereza miisho miwili tu, laini kabisa, lakini katikati aliacha pembe kama ilivyokuwa, na mikunjo yake yote. Kingo alizilainisha kwa mkono, kwa tupa, kwa siku kadhaa. Fundi aliipeleka mdomoni, ikakwaruza, akaitoa.

"Hii haijaisha, nyako."

"Imeisha, Fundi."

"Mzungu hawezi kununua kitu inamkwaruza."

"Sikumtengenezea mzungu."

"Nasieku," Fundi akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia akitaja jina la mmoja wetu, "ipitishe mara moja tu kwa mashini. Mara moja. Mkono wako ni mzuri. Usinifanye nichague vibaya."

Nasieku alichukua kalamu kutoka mkononi mwake. Akaichezesha kidogo kwenye kidole gumba, akihesabu mikunjo. "Kila mkunjo ni ndama," akasema. "Ng'ombe akibeba mimba, pembe inaandika. Yeyo anajua kila mmoja na jina lake. Nikiipitisha, nitamwambia yeyo nimefuta nani?" Kisha akanigeukia mimi, na nilikuwa nimeishika kalamu yangu kama mtu ameshika kuku asitoroke. "Wewe Rispa umemuua ng'ombe wetu mara ya pili."

"Na wewe umejinyima kazi na mkono wako mwenyewe," nikamjibu.

Alivaa shanga zake moja moja, hakuharakisha, akaondoka na kalamu yake. Fundi aligeuza uso akaangalia ukuta wa magogo. Takataka ya oloirien siku hiyo ilibaki chini, na mimi ndiye nilifagia.

Sitakaa hapa nidanganye kwamba nililia. Nilitaka mashini na nikapata. Sikujua kuhusu mikunjo, na hata ningejua, bado ningekereza, kwa sababu mimi sikuwa na boma la kurudi, hata la ng'ombe waliokufa. Nilibaki Kajiado miaka mingi, nikahamia Kitengela na mashini yangu wakati Kitengela bado ilikuwa nyasi na upepo, nikajenga, nikazika mume, nikasomesha. Ile kalamu ya asali na moshi ilinunuliwa wiki hiyo hiyo na mtu mwenye kofia, sikuona hata uso wake. Na kutoka Kitengela hadi Kajiado si mbali. Unapanda gari asubuhi, unarudi na jua bado liko. Miaka arobaini na kitu, hakuna kati yetu aliyemtafuta mwenzake.

Edna alinipeleka Jumamosi. Nyumba ya Nasieku ni ya mawe, iko na tangi la maji na mbwa mvivu. Binti yake alitukaribisha sebuleni, akaleta chai ya maziwa kwenye chupa, na nilipoimeza nilisikia ule moshi wa oloirien ukipanda puani. Ikanibidi niweke kikombe chini. Nasieku alikuwa kwenye kiti cha kona, mwembamba, shanga shingoni, uso umeelekea mahali ambapo sikuwa nimekaa. Hakuwa anaona tena.

"Takwenya," nikasema.

"Iko." Akainamisha sikio. "Sauti yako imezeeka, Rispa. Inalia kama geti."

"Na yako imebaki ya kutukana watu."

"Bado unavaa suruali ya shemeji?"

Edna alicheka hadi akamwaga chai. Tuliongea habari za watoto, za magoti, za nani alikufa. Fundi alikuwa wa kwanza, zamani. Mama yake Nasieku alifuata. Nikamwambia nimeuza mashini kwa watu wa skrapu. "Pole," akasema, na lilikuwa pole la kweli, likanichosha kuliko matusi. Halafu akaingiza mkono chini ya shuka lake akatoa kitu, akakinyosha mbele, si upande wangu sawasawa, nikaenda kukipokea.

"Siku ile hukuishika," akasema. "Nimekuita uishike. Basi."

Ilikuwa nyepesi. Miisho yake bado laini, kazi safi, na katikati pembe imekuwa nyeusi kwa jasho la mikono yake na ya mama yake. Macho yangu sasa ni ya kuazima, na chumba kilikuwa na mwanga kidogo. Nikapitisha kidole gumba. Hakuna. Nikajaribu kidole cha shahada, kisha cha mkono ule mwingine. Ilikuwa kama kushika maji. Mikunjo iko pale, najua iko pale, na vidole vyangu haviipati.

"Umewahesabu?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Asingeona.

"Vidole vyangu vimekufa, Nasieku. Msasa umevimaliza. Sisikii kitu."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi tumeishia pamoja." Kisha, "Okumu alikuwa anafanyaje?"

Nikakumbuka. Mbele ya Edna na binti wa watu, nikafumba macho, nikaiweka kalamu kwenye mdomo wa chini, nikaivuta polepole. Ikakwaruza. Nasieku akasikia pumzi yangu ikisimama, akaanza kuwataja kutoka kwenye kile kiti chake, jina moja kila nilipogusa, wale ndama wa Nanyokie, kwa sauti ile ya chini ya mama yake. Alitaja wanne akanyamaza. Mimi nilikuwa bado sijafika mwisho.

"Kuna mwingine," nikasema.

"Wanne. Nimewahesabu maisha yangu yote."

"Kuna mwingine, huku mwisho kabisa, karibu na mahali ulikereza. Ni mdogo sana. Kidole hakiwezi kumpata, hata chako. Amini mdomo wa fundi."

Mbwa alijikuna mlangoni. "Yeyo alisema Nanyokie alikufa na mimba," Nasieku akasema hatimaye. "Sisi tukasema ni njaa inaongea." Akanyosha mkono nikamrudishia kalamu yake. "Ni wa kike ama ni dume?"

"Mimi ni fundi wa kalamu, si daktari wa ng'ombe."

Alicheka, kile kicheko cha gunia, cha omena. Halafu akaigeuza kalamu hadi ule mwisho niliomwambia, akaiweka kwenye mdomo wake mwenyewe, akatulia nayo hapo, na chai yetu sote ikafanya utando.